Mkalimani wa Mikorosho

"Ndugu wananchi, wageni wetu kutoka nchi rafiki, na mbuzi mliojificha chini ya jukwaa! Kwa heshima na taadhima, na kwa spika zilizoletwa na pikipiki kutoka Ruangwa, inatangazwa kwamba leo Marambo imempata shujaa wake. Naye ni Mzee Dastani, Mkalimani Mkuu wa Ukombozi, ulimi uliounganisha mataifa dhidi ya mkoloni! Makofi tafadhali. Na mwenye mbuzi aje amchukue."

Ndivyo Leonard mshereheshaji alivyofungua sherehe, kwa sauti ileile aliyonadia ng'ombe wiki iliyopita.

Shujaa alikuwa kwenye kiti cha mbele, ndani ya koti la marehemu shemeji yake, akitazama viatu. Watu wakasema, mwone mzee wetu alivyo mnyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu hata kidogo. Ilikuwa aibu, tena aibu yenye umri mkubwa kuliko Leonard na spika zake.

Nchi yetu haifungamani na upande wowote. Hilo tulilikariri tangu darasa la tatu. Wakati wa vita vya Msumbiji haikufungamana kwa bidii kubwa, hata pori letu la Nachingwea likajaa wapigania uhuru, na katikati yao wanajeshi wa kigeni wakiwafundisha kutega mabomu. Sasa mabalozi wa nchi nyingine wakipita kuchungulia, tuwaambie nini? Agizo likashuka kijijini: ukiulizwa, sema hao ni wataalamu wa kilimo. Ubaya wa kuwadanganya mabalozi ni kwamba wakulima nao wana masikio.

Mzee Abdala alisikia. Mikorosho yake ilikuwa imeingia ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyapaka maua unga mweupe mpaka yanadondoka. Akaenda hadi pembeni mwa kambi, akamshika mkono mtaalamu wa kwanza aliyekutana naye, akamvuta mpaka shambani. Kijiji kizima kikafuata nyuma.

Yule mgeni alikuwa fundi wa mabomu. Kusema hivyo hakuweza, maana ni siri ya mataifa mawili. Akasimama chini ya mkorosho, akakuna kichwa, akaongea maneno mengi. Wakalimani wa kambi walikuwa wamekwenda mjini. Aliyekuwepo ni Dastani, kijana wa Kimakua aliyevuka Ruvuma na wazazi wake akapata kibarua cha kuosha masufuria ya wageni. Katika lugha yao alijua "chakula", alijua "maji", na alijua tusi moja.

"Anasemaje?" Abdala akauliza.

Macho yote yakamgeukia Dastani, yakiwemo ya binti mmoja aitwaye Domitila. Angeweza kusema sijui. Lakini mwanamume gani wa umri ule, mbele ya Domitila, angesema sijui?

"Anasema kateni yote. Itaota mipya, yenye nguvu."

Abdala akakata shamba zima. Machipukizi yalipotoka, mbuzi wakashukuru. Majirani waliokuwa wavivu wa kushika shoka wakangoja tu, baadaye ikaja dawa ya salfa, na wajukuu wao wanaokota korosho zake mpaka leo. Abdala alikufa akiokota korosho za hao wavivu, kwa kibarua.

Dastani akampata Domitila. Pamoja naye akampata Mwamini, binti wa Abdala. Ukoo wake na wa Dastani ni watani, na mtani, kama mjuavyo, ana kibali cha kukuvua nguo mbele za watu. Hakuna harusi ambapo Mwamini hakupaza sauti: "Mmakua wewe, lete mikorosho ya baba!" Domitila alipofariki, Mwamini alilala chali mbele ya jeneza. "Hapiti mtu! Huyu Mmakua alitukatia shamba, leo anataka shimo la bure!" Waombolezaji wakacheka katikati ya machozi, Dastani akatoa jogoo, jeneza likapita.

Utani hauna kesi. Chini ya kivuli hicho Dastani alijificha miaka yote. Kilichomchoma si matusi. Ni pale jioni, utani ukiisha, Mwamini alipomletea uji na kumwambia kwa upole, "Usinune, mtani. Wewe ulikuwa mdomo tu. Mwenye dhambi ni yule mgeni."

Uji huo Dastani aliwamwagia kuku.

Sasa huko kwa nchi rafiki kumewaka vita, na mwenye vita huhesabu marafiki, hata wale wasiofungamana. Ubalozi wao ukaja kuuliza nani alizungumza na wakufunzi wao zamani. Kijiji kizima kikanyoosha kidole kwenye mlango mmoja. Ndipo ikapatikana nishani, akaja Kanali wao kumvisha, na Prisca wa Ruangwa, aliyesoma kwao kweli, akaja kutafsiri.

Kanali alikuwa ameshashika pini Mwamini aliposimama.

"Leonard, lete maiki."

"Bi Mwamini jamani, utani tuweke baadaye, baada ya pilau..."

"Leo si utani."

Leonard akampa maiki.

"Mgeni," Mwamini akasema, "mtaalamu wenu alimwambia baba yangu akate mikorosho yake. Baba alimwamini. Sitaki fidia. Nataka mseme mlikosea, nikamwambie kaburini kwamba hakuwa mjinga."

Prisca akatafsiri. Kanali akanong'ona na mwenzake wa ubalozi, wakatikisa vichwa, wakanong'ona tena. Wakati wa vita radhi ni rahisi kuliko risasi. Kanali akanyooka kama mlingoti.

"Anasema," Prisca akatangaza, "nchi yake inasikitika kwa ushauri ule mbaya, na inaiomba radhi familia ya Mzee Abdala."

Mwamini akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakawa yanatikisika. Watu wakapiga makofi ambayo Leonard hakuyaomba. Dola kubwa, yenye ndege na nyambizi, ilikuwa imeinama mbele ya Marambo kwa ajili ya uongo wa mwosha masufuria. Dastani angekaa kimya tu, angezikwa na nishani.

Pini ikagusa koti. Prisca akamwinamia kwa adabu.

"Shikamoo babu. Kanali anaomba uyarudie mbele ya wananchi maneno ya mtaalamu yule, siku ile chini ya mkorosho. Kwa lugha yao wenyewe, kama ulivyoyasikia."

Maiki ikasogezwa. Dastani akausukuma mkono wa Kanali pembeni, polepole, kama mtu anayekataa kuongezwa ugali. Akamtazama Mwamini, aliyekuwa ameshusha kanga ili asikie vizuri.

"Sijui alisema nini," akajibu. "Mimi nilikuwa naosha masufuria."