Gari lilipogoma Sindeni, nami nasubiriwa Korogwe nikamwoshe mdogo wangu

Wakuu,

Ninaowazidi umri nimeshawaitikia marahaba. Mlionizidi, kama mmo humu, shikamooni.

Nilisomea ngumbaru na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie. Lakini majina ya watu sisahau, wala maneno yao. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Anayetaka shahidi aje Handeni nimpeleke kwa jirani yangu Mwantumu, tulikuwa naye.

Siku hiyo asubuhi Halima alinipigia simu. Halima ni binti wa mdogo wangu Mwanjaa, wanakaa Old Korogwe, upande ule wa karibu na mto.

Hakulia. Alisema tu, "Mama mkubwa, mama ametutoka."

Nikakaa chini pale pale jikoni.

Mwanjaa alikuwa anaumwa muda mrefu, hilo tulilijua. Na alishaniambia kwa mdomo wake, Halima akisikia: "Dada, nikitangulia unioshe wewe. Sitaki mikono nisiyoizoea." Nikamwambia acha maneno hayo. Akasema haachi mpaka niitikie. Nikaitikia.

Sasa Waislamu wenzangu mnajua, sisi maiti hatumkalishi. Halima akasema mazishi ni baada ya Alasiri, waoshaji wameshafika, ila wananingoja mimi.

Nikampigia mkwe wangu Athumani, mume wa binti yangu Zaina. Ana gari dogo, yale yanayokuja kutoka nje yameshatumika. Akafika sijamaliza hata kujitanda. Zaina alikuwa amejifungua, akabaki na mtoto. Mwantumu akasema haniachi niende peke yangu, akapanda.

Niwaeleze kidogo kuhusu Athumani, vinginevyo hamtaelewa kilichotukuta.

Athumani ananiheshimu. Kwetu mkwe na mama mkwe wana mpaka wao, hilo si geni. Lakini huyu anazidisha. Tangu amwoe Zaina hajawahi kutia tonge mdomoni nikiwa namwona. Nikiingia sebuleni anasimama, nikikaa anatoka. Kwenye gari lake nakaa nyuma, kwa sababu nikikaa mbele anaendesha kama amebeba mayai. Nikisema neno, jibu lake ni "ndiyo mama" au "sawa mama." Neno "hapana" sijawahi kulisikia kwake.

Mwantumu ni shangazi yake wa damu, ndiye aliyeleta posa kwangu. Yeye anamsema anavyotaka.

Na kuna habari ya funguo. Nyumbani kwangu funguo zote zinakaa kwangu. Nimezitunga kwenye kamba ya katani, nimefunga kwa fundo alilotufundisha marehemu baba, aliyekuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge kule Ngombezi. Fundo hilo halifunguki, ni la kukata. Upo wa mlango, wa stoo, wa sanduku, na ufunguo wa akiba wa gari la mwanangu Hamza. Hamza yuko Dar, aliniachia akisema, "Mama, kwako haupotei." Popote ninapokwenda zimo kwenye pindo la khanga, kiunoni.

Basi tukatoka Handeni. Roho yangu ilikuwa mbele ya gari. Kila tukipunguza mwendo najiuliza kuna nini.

Tulipofika Sindeni Mwantumu akasema lazima ajisaidie. Athumani akazima gari, akashuka anunue maji, ufunguo kaushika mkononi.

Nikamwambia, "Baba, lete huo ufunguo, usije ukapotea."

"Sawa mama." Akanipa kwa mikono miwili.

Nikautia kwenye kamba yangu, nikapiga fundo. Sikufikiria kitu. Mimi nikishika ufunguo, mkono unajua pa kuupeleka.

Waliporudi nikatoa kamba yote kiunoni, nikamrushia mbele. Akachomeka ule wake, nyingine zote zinaning'inia.

Gari likawaka, likazima.

Akarudia. Likaunguruma kidogo tu, likazima. Mara ya tatu vile vile. Na kwenye dashibodi kuna taa nyekundu inapepesa haraka haraka, ina mchoro wa gari na kufuli.

Nikasema, "Mafuta?" Akasema mafuta yapo mama.

Pale kando kuna mwuza chai, Asia, mtoto wa marehemu mzee Mhina. Akamwita Mbwana, fundi wa pikipiki. Mbwana akafungua boneti, akakaza terminali za betri, akachomoa fyuzi na kuirudisha. Bila bila. Akasema, "Tulisukume."

Asia akamwambia, "Hilo otomatiki, we Mbwana. Unataka kulisukuma mpaka Korogwe?"

Mwantumu akacheka. Mimi sikucheka. Simu ikaita, Halima.

"Mama mkubwa, mmefika wapi?"

"Tuko njiani mwanangu."

"Maji yako tayari. Bi Rukia anauliza akusubiri au aanze." Bi Rukia ndiye kiongozi wa waoshaji pale mtaani kwao.

Nikamwambia anisubiri. Nikakata simu.

Mtaniuliza kwa nini sikupanda bodaboda. Goti langu la kulia halikunjiki, wakuu. Basi moja lilipita limejaa, halikusimama hata kutupungia.

Athumani akampigia fundi wake wa umeme wa magari, Kilua, yuko Korogwe mjini. Akaweka spika. Mwantumu alikuwa uani kwa Asia anatia udhu, adhana ya Adhuhuri ilishatoka. Mimi nipo pale, nasikia kila neno.

"Starta inazunguka?"

"Inazunguka."

"Linawaka halafu linazima?"

"Ndiyo."

"Taa nyekundu inapepesa?"

"Inapepesa."

"Basi hiyo imobilaiza. Gari limekuona wewe mwizi. Ndani ya plastiki ya ufunguo kuna chipu, gari linaisoma pale pale kwenye swichi. Lisipoielewa linakata. Usikubali mtu akakata waya hapo. Sasa niambie, ufunguo uko peke yake? Hakuna wa gari lingine uko nao?"

Athumani akageuka. Akanitazama, siyo usoni, miguuni. Akasema, "Uko kawaida tu, fundi."

Na mimi, wakuu, sikuelewa kitu. Nilisikia chipu nikajua ni jambo la mafundi. Sikujua kama linahusu kiuno changu.

Basi Kilua akaanza kumzungusha. Funga mlango kwa ufunguo, fungua. Toa terminali ya betri, ngoja, rudisha. Washa swichi bila kupiga starta, kaa nayo. Athumani anafanya yote hayo, jasho linamtoka, na kila mara ile kamba yangu inaning'inia pale inagonga plastiki, ta, ta, ta.

Mimi nazunguka gari na goti langu. Nikikaa nasimama. Nikisimama naangalia barabara. Nilikuwa namwona Mwanjaa amelala kwenye chumba kile na shuka, na wanawake wamekunja mikono wanangoja mtu asiyekuja.

Halima akapiga tena. Sikupokea. Ningemwambia nini?

Mwantumu aliposwali akarudi na kikombe cha chai, akaegemea mlango. Kilua akapiga tena kuuliza. Bado.

"Athumani, nakuuliza mara ya mwisho. Ufunguo uko peke yake?"

"Uko kawaida, fundi."

Mwantumu akaweka kikombe juu ya boneti. "Kawaida gani? We Athumani! Na huo mzigo wa Mama Hamza unaoning'inia hapo ni nini, shanga?"

"Shangazi, taratibu."

"Taratibu nini! Si na ufunguo wa gari la Hamza upo hapo, ninauona kwa macho yangu! Mwenzio anasubiriwa na maiti, wewe unaona haya kumgusa kamba?"

Kilua akacheka kwenye simu. "Nani huyo? Hebu mpe yeye simu, ndiye fundi."

Nikamsogelea Athumani. Nikamuuliza taratibu, "Baba, ulijua?"

"Ndiyo mama."

"Tangu lini?"

Mwantumu akajibu yeye, "Tangu azaliwe."

Sikungoja tena. Asia akanipa kisu chake cha kukatia mkate, nikaikata kamba mwenyewe, funguo za nyumba zikamwagika kwenye kiti. Kilua akasema ufunguo wa Hamza upelekwe mbali, usibaki hata mfukoni mwa dereva. Mwantumu akaenda nao nyuma kabisa kwenye buti. Athumani akachomeka wake peke yake, akawasha swichi, akangoja ile taa nyekundu itulie. Ikazimika. Akapiga starta.

Gari likawaka kama halikuwahi kugoma.

Chipu mbili zilikuwa pamoja, wakuu. Gari likisoma moja, nyingine inaingilia, likaona usalama wake ni kukataa zote. Ndivyo Kilua alivyotueleza, na lugha yake niliielewa.

Tukashika njia hadi Korogwe.

Tulipofika, Halima alikuwa mlangoni. Akanishika mkono. "Mama mkubwa, sheikh alisema muda umekwisha. Wameanza."

Nikaingia. Bi Rukia akaniona, akawaambia wenzake wasimame. Akasema, "Njoo Mama Hamza, limebaki josho la kafuri."

Akanipa kata. Nikamwagia Mwanjaa maji yale ya mwisho, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Alikuwa ameshakuwa safi. Nywele zake zilishafumuliwa na kuoshwa na mikono mingine, ile aliyosema haitaki.

Nikamwambia kimya kimya, nimefika mdogo wangu, nimechelewa.

Athumani alibeba jeneza na wenzake, akashuka kaburini, akafukia. Watu walimsifu. Aliturudisha Handeni vizuri.

Mafunzo ni haya. Mwenye gari la chipu, usiweke ufunguo wake pamoja na wa gari lingine. Ukiona taa ya kufuli inapepesa na gari linawaka linazima, kabla hujaita fundi wala hujagusa betri, angalia kwanza kinachoning'inia kwenye ufunguo wako. Na usiruhusu mtu akate waya. Wa Hamza sasa unakaa kabatini ndani ya kopo.

Lakini hilo silo linalonikosesha usingizi.

Tangu siku ile Athumani haji kwangu. Zaina akija, yeye anamshusha njia panda na kugeuza. Nimemtumia salamu, nimemtumia mahindi mabichi, nimemwambia Zaina amweleze kwamba sina kinyongo. Na kweli sina. Yeye hakukosa adabu. Alikuwa na adabu mpaka ikatufunga sote pale barabarani. Zaina anasema kila akisikia jina la Mwanjaa anatoka nje.

Mdogo wangu nimeshamzika. Mkwe bado yu hai, tena ni kijana mwema, sitaki nimpoteze kwa ajili ya ufunguo.

Sasa nawauliza ninyi wanaume mlio humu mnaoishi na mama wakwe. Mama mkwe wako afanye nini, aseme nini, ndiyo wewe uweze kumtazama na kumwambia, "Mama, hapo umekosea"?

Msinionee haya. Nijibuni.