Koki Isiyoogopa Gunzi

Kwa miaka kadhaa mama yangu aliwaambia majirani zake wa kijijini Titye kwamba mimi nafanya kazi ya maji. Hakuwa anadanganya kabisa, ila aliacha nusu ya habari. Mimi ni fundi mitambo, na kituo nilichoajiriwa kinasafisha tope la vyoo linalotoka kwenye kambi ya wakimbizi, huku wilayani Kasulu. Mama alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Aliniuliza mara moja tu, nikamjibu, akainuka kwenda kupalia maharage yake.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Asubuhi magari ya kunyonya vyoo yanaleta tope na kulimwaga kwenye tangi la zege. Kutoka hapo linashuka kwa bomba nene hadi kwenye vitanda vya mchanga, ambako linaachwa likauke mpaka liweze kukatwa kwa koleo kama udongo wa matofali. Kila kitanda kina koki yake. Ukijaza kimoja, vingine lazima viwe vimefungwa. Koki zikifanya kazi, kituo kinafanya kazi.

Na zetu hazikuwa zikifanya kazi. Tulizozikuta zilikuwa geti valvu, zilezile za maji safi. Unazungusha usukani, kipande cha chuma kinashuka kama mlango na kukaa kwenye mfereji mdogo ulio chini. Kwa maji ya bomba hakuna shida. Lakini tope letu lilikuwa na mchanga, matambara, nywele za kusukia, vipande vya chandarua, na magunzi ya mahindi, kwa kuwa huku wengi hujisafishia magunzi. Mchanga ulijaa kwenye ule mfereji, mlango ukishuka unakuta mahali pake pamekaliwa. Watu wakalazimisha usukani kwa kipande cha bomba, mwisho vyuma vikapinda.

Asubuhi moja ya kiangazi nilimsikia mwenzangu akiniita. Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, mtu wa makamo mwenye mabega mapana, na sote tulimwita Papa kama walivyomwita kambini.

"Dada, kuya uone. Kitanda ya mbili iko inakunywa tena."

Nilikimbia. Kitanda cha pili kilikuwa kimekauka vizuri, tulipanga kukivuna kesho yake. Sasa tope jipya lilikuwa linatambaa juu ya lile kavu, taratibu, kama uji unaofurika sufuriani. Usukani wa koki yake ulikuwa umezungushwa mpaka mwisho kuifunga. Tulisimama pale tukiangalia kazi ya wiki nzima na zaidi ikilowa. Papa alivua kofia yake, akajifuta jasho, akairudisha kichwani.

Injinia wetu alikuwa mwenyeji wa Tanga aliyehamishiwa Kasulu, mtu mtaratibu, asiyepandisha sauti hata akikasirika. Mchana huohuo aliniita ofisini.

"Fundi, tunabadilisha zote," alisema. "Mwanza kuna koki za kipepeo. Ni nyepesi, bei yake inavumilika, na zinaweza kufika upesi."

"Kipepeo hazitatufaa, injinia."

"Kwa nini?"

Nilimwomba anifuate nje, maana jambo hili ni rahisi zaidi kulionyesha. Koki ya kipepeo ina sahani ya chuma inayogeuka katikati ya bomba. Hata ukiifungua yote, sahani haiondoki njiani, inakaa kiubavu tu. Nilichukua kipande cha bomba, nikapitisha ubao mwembamba katikati yake, na Papa akaanza kumimina tope kwa ndoo. Ndoo ya kwanza ilipita. Ya pili ilipita kwa kusitasita. Ya tatu, tambara lilikuwa limejizungusha kwenye ubao, gunzi limeegemea tambara, na tope likaanza kumwagika juu ya viatu vyetu.

Injinia alirudi nyuma hatua moja, akaangalia viatu vyake.

"Nimeelewa," alisema. "Na boli valvu?"

"Boli ni tufe lenye tundu pana, hakuna kinachosimama njiani. Lakini ukiifunga, tope linabaki ndani ya ile boli na nyuma yake. Likikauka kwa jua hili, hutaigeuza hata kwa nyundo."

"Basi wewe unataka nini?"

Nilikuwa nimeshafikiri kwa muda mrefu, kwa hiyo sikuhitaji kutafuta maneno. Nilimwambia nataka aina mbili. Kwenye njia kuu inayotoka tangini, ambako magunzi na matambara yanapita, tuweke koki ya kisu: bamba bapa lenye makali linaloshuka na kukata chochote kilicho njiani. Kwenye vitanda, ambako tatizo kubwa ni mchanga, tuweke koki ya kubana. Hiyo ndani yake ni mpira mtupu. Ikiwa wazi, ni kama bomba lililonyooka. Ukiifunga, mpira unabanwa kutoka juu na chini mpaka unakutana, na punje ya mchanga ikinaswa, mpira unaikumbatia.

Papa alitikisa kichwa kukubali. Ujanani alifanya kazi kwenye machimbo.

"Kule mu mine," alisema, "mawe yenye kusagwa tulikuwa tunayapitisha mu kauchu. Chuma ilikuwa inaliwa mbio. Kauchu inakawia." Kauchu ndiyo mpira kwa Kiswahili cha kwao.

Injinia alipangusa kiatu chake kwenye majani. "Sijawahi kuiona hiyo ya kubana ikifanya kazi," alisema. "Nionyeshe moja, kisha nitaandika barua."

Madukani Kasulu mjini hapakuwa na kitu kama hicho. Mimi na Papa tukatengeneza yetu. Tulikata kipande cha mpira mnene wa pampu ya kunyonyea, tukakiunga kwenye bomba la kitanda cha pili, tukakiweka kati ya vyuma viwili bapa vinavyokazwa kwa boliti ndefu. Sura yake ilikuwa mbaya. Lakini ilifunga. Injinia alikuja kila asubuhi, akichuchumaa kuangalia kama kuna tone linapita, na kila asubuhi alikuta pakavu. Mwisho aliandika barua, na mwezi uliofuata masanduku yakafika kwa lori.

Siku hizohizo mama alikuja kwangu. Alikuwa na miadi ya macho hospitali, akalala nyumbani kwangu siku chache. Asubuhi ya kufunga koki mpya nilipokuwa nakunywa chai, alitokea mlangoni akiwa ameshavaa viatu.

"Leo nakwenda na wewe," alisema.

"Mama, pale kuna harufu."

"Nimezaa na kulea. Harufu naijua."

Alikaa kwenye kiti kivulini, upande ulikotoka upepo, ncha ya kitenge ikiwa puani. Wafanyakazi walimpitia mmoja mmoja kumwamkia. Papa alikuwa amejifunza salamu ya Kiha, akamwambia "Mwakeye," na mama akamjibu kwa furaha kisha akamsahihisha matamshi.

Koki ya kisu niliifunga kwenye bomba mwenyewe. Niliisimamisha wima, usukani juu, ili uchafu usipate mahali pa kulala ndani. Nikasema wafungue tangi. Tope lilishuka kwa kishindo. Nikaliacha lipite, kisha nikaanza kuzungusha usukani. Katikati nilihisi kitu kigumu kimekataa. Nilijua ni gunzi. Niliendelea bila kulazimisha, mzunguko mmoja, mwingine, na nikalihisi mikononi likikatika, kama muwa. Koki ikafika mwisho. Kwenye mdomo wa bomba tope likapungua, likawa uzi, likakoma.

Papa aliinama kuangalia. "Imefunga," alisema. "Imefunga bien."

Ilikuwa inavuja kidogo pale bamba linapoingilia. Nilikaza nati mbili, ikanyamaza. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yangu, kitenge kimeshuka mabegani.

"Hawa wanaume wote wanafanya unavyosema wewe?"

"Kwenye koki, ndiyo."

"Na yule bosi?"

"Na yeye."

Aliangalia vitanda kimoja baada ya kingine, akaniuliza lile kavu linakwenda wapi. Nikamwambia linachanganywa na majani makavu likaiva kuwa mbolea, kisha linawekwa kwenye miche ya miti. Jioni, tukichambua maharage, alizungumza bila kuniangalia.

"Mwana wanje, mwanangu, nitamwambia dada yako habari nzima, na mke wa mchungaji. Hao wengine watasikia kwa mke wa mchungaji."

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Yeye hakucheka, lakini alinisaidia kuyaokota.

Mvua zilipoanza tulipata somo. Mfanyakazi mmoja alitaka tope lishuke polepole, akaiacha koki ya kisu nusu wazi kwa siku kadhaa. Mchanga ukapita kwa kasi chini ya bamba na kuula ukingo wake mpaka ukawa kama meno ya msumeno. Niliing'oa kwenye bomba, nikaiweka mezani, nikawaita wote waiguse kwa vidole. Nikawaambia kisu ni wazi kabisa au kufunga kabisa. Anayetaka kupunguza mwendo atumie ile ya kubana, maana mpira ukichakaa tunabadilisha mpira peke yake. Niliagiza bamba jipya, na tangu hapo hatujapoteza kitanda hata kimoja.

Injinia alihamishwa baadaye. Kabla ya kuondoka alimpa namba yangu mama mmoja wa Murungu, Kibondo, mwenye kiwanda kidogo cha wanga wa muhogo. Mwezi uliopita nilikwenda. Alinipokea kwenye lango, mikono yake myeupe hadi viwikoni, akaniambia koki zake zinaganda kila wikendi na ameshabadilisha mara nyingi.

"Wamesema wewe ndiye unayejua," alisema. "Niagize zipi?"

Nilimwambia sijui bado. Aliniangalia kwa mashaka. Wanga hauna magunzi wala matambara, lakini ukiachwa utulie unakaa chini na kuwa mgumu kama chokaa, na sikutaka kumpa jibu la Kasulu. Nilimuuliza mitambo inazimwa saa ngapi Jumamosi, na kama kuna maji safi ya kusuuzia mabomba kabla ya kufunga. Alisema maji yapo, ila hakuna aliyewahi kufikiria kusafisha mabomba.

"Tuanzie hapo," nilisema, nikakunja mikono ya shati na kuomba ndoo moja ya uji wake wa wanga.

Alinipa, akaja kuchuchumaa karibu yangu. Nilizamisha mkono katika ule uji mweupe mpaka chini, nikausugua kati ya vidole. Ulikuwa na mchanga ambao hakuwa ameutaja, na hapo nikaanza kuifikiria ile koki ya mpira.