Ndege Iliyonyimwa Sahihi na Nzilani

"Nani amepaka rangi hapa kabla sijakagua?" Nzilani aliuliza mara ya tatu, kidole kwenye kiungo cha chuma kinachoshikilia bawa la ndege. "Rangi bado yanuka, na mnataka nitie sahihi. Sitii!"

"Abiria tisa wako hapo nje na mizigo yao," akasema Nahashon, msimamizi wa karakana ile ndogo kwenye uwanja wa ndege wa Wilson. "Ukiichelewesha ndege bure, kesho usije. Baki mtaani kwenu Kaloleni uuze sukuma wiki."

Mafundi wakacheka. Wanaume kumi na mmoja, mwanamke mmoja. Wa kucheka hawakosekani.

Huo ulikuwa mwaka wa 1981. Majirani wa Kaloleni walidhani Nzilani anaendesha ndege, na mmoja alishamwomba lifti ya Kisumu. Wapi! Rubani hurusha, mhandisi ndiye anayesema iruke au isiruke. Hupiga hesabu ya mzigo ambao bawa litabeba hewani, huhesabu saa ambazo injini imefanya kazi, hupima kilichochakaa, kisha huandika jina lake kwenye kitabu cha ndege. Kukiharibika jambo, linatafutwa jina hilo. Nzilani alisoma miaka sita ili aandike lake, na leseni yake ilikuwa na umri wa miezi minne tu. Akifukuzwa kwa kuchelewesha ndege isiyo na kasoro, nani mwingine angemwajiri?

Akaitoa ile rangi kwa dawa, hakuomba ruhusa. Akapaka maji mekundu yanayopenya hata ufa usioonekana kwa macho. Akangoja dakika ishirini, Nahashon akitazama saa na kusonya. Akayafuta mpaka chuma kikang'aa, kisha akapulizia unga mweupe.

"Unapika chapati?" akauliza Mutisya, fundi wa injini. Kicheko tena.

Unga ukakaa mweupe. Ukazidi kukaa mweupe. Halafu, kando ya tundu la bolti, mstari mwekundu ukajichora, mwembamba kama uzi, ukarefuka kama ukucha. Wekundu uliojificha ndani ya ufa ulikuwa unarudi juu.

Hakuna aliyecheka. "Dada," Mutisya akasema polepole, "bawa hili lingetuachia maiti tisa."

"Kumi. Rubani naye ana mama yake."

Akaandika kwenye kitabu, kwa herufi kubwa: NDEGE HII HAIRUKI. Mutisya akachukua spana, akagonga meza kumshangilia. Wa pili akagonga, wa tatu, mpaka mabati ya karakana yakatetemeka na abiria wakaja kuchungulia mlangoni. Nzilani alisimama katikati ya makelele yale, kichwa juu, wala hakujisumbua kuficha meno.

Asubuhi iliyofuata alifika kazini mapema kuliko wote, aone nani atamfukuza. Nahashon akawapanga mafundi wote, akakohoa.

"Niliyeagiza rangi ni mimi, ili ndege ipendeze. Ufa sikuujua, lakini rangi yangu ingeuficha. Mhandisi, nina deni la samahani kwako, na nalilipa mbele ya hawa walionisikia jana."

Hakuwa amewahi kumwita mhandisi. Nzilani akamtazama, akavaa ovaroli yake.

"Umelipa. Sasa nishikie tochi, nikague bawa la upande wa pili."

Nahashon akashika.