Roboti Iliyozunguka Nanyuki

Mwaka wangu wa kwanza chuoni Nyeri nilijiunga na timu ya roboti, na siku hiyo hiyo nikajitwika kazi ya giaboksi. Hakuna aliyenilazimisha. Kiongozi wetu, msichana wa mwaka wa tatu kutoka Kutus, aliuliza, "Nani anaelewa mambo ya gia?" Nikainua mkono. Gia nilizowahi kuzishika zilikuwa za baiskeli ya kaka yangu, na hata hizo nilikuwa nimezishika kwa kuzifuta tope.

Roboti yetu ilikuwa na magurudumu manne, na kazi yake ilikuwa kubeba kikapu kidogo cha majani chai na kupanda nacho ubao ulioinuliwa. Kila upande ulikuwa na mota yake na giaboksi yake, yaani sanduku la gia za kupunguza mbio za mota ili magurudumu yapate nguvu. Leo naweza kuieleza hivyo bila kusita. Wakati ule niliweka gia kubwa kwenye mota na gia ndogo kwenye gurudumu, kwa sababu niliona kubwa ndiyo yenye nguvu, basi ikae mbele.

Tulipowasha, roboti ilinguruma bila kusogea. Kiongozi akaiinua kutoka sakafuni, magurudumu yakazunguka kwa kasi hata nywele zake zikapepea. Akaishusha, yakakwama.

"Umetutengenezea feni," akasema.

Wakacheka wote. Nilicheka nao, masikio yakiniwaka moto.

Nikazigeuza gia. Safari hii nilizibana pamoja kabisa, kwa kuwa nafasi yoyote kati yake niliiona kama uzembe. Hazikuzunguka. Nikaamua zimekauka, nikazipaka grisi, na bado zilikwama, nikaongeza nyingine. Mwalimu wetu alipokuja akaangalia, akaniambia niziachie nafasi kidogo ya kupumua. Nikazilegeza. Grisi sikuikumbuka. Mwalimu akainama karibu ili aone vizuri, nami nikawasha. Grisi ikamrukia shatini, kidevuni na kwenye miwani.

Akavua miwani akaifuta polepole kwa leso. "Umeelewa sasa?"

"Nimeelewa, mwalimu," nikajibu. Sikuwa nimeelewa kitu. Nilitaka tu aondoke.

Baada ya hapo niliacha kuuliza maswali. Ndiyo maana wiki ya maonyesho ya roboti ya Nanyuki, nilipotoboa tundu la kushikilia gia ya upande wa kulia mbali kuliko lilivyotakiwa na gia zikashindwa kugusana, sikumwambia mtu. Nilitafuta gia nyingine ndogo nikaichomeka katikati kuziba pengo. Ilikaa vizuri mno. Tulijaribu upande mmoja mmoja, magurudumu yakiwa hewani, na wa kulia ukazunguka bila kelele. Nilifurahi hata nikampigia mama simu kule Kianyaga. "Njoo Nanyuki Jumamosi," nikamwambia. "Uone kitu nimetengeneza."

Alikuja na nguo yake ya kanisani na kitambaa cha kichwa kipya, akasimama mbele kabisa, simu mkononi tayari kurekodi. Uwanja ulikuwa umejaa wanafunzi, wenye maduka na watu waliopita tu kutoka sokoni.

Kiongozi akabonyeza. Magurudumu ya kushoto yakaenda mbele, ya kulia yakarudi nyuma. Roboti ikaanza kuzunguka pale pale iliposimama, kwa kasi, majani chai yakiruka kutoka kikapuni na kutua kwenye viatu vya majaji. Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa biashara ya mbuzi, mwenye kofia ya kufuma, akamwambia mwenzake kwa sauti tuliyoisikia sote, "Mbuzi wangu akizunguka hivi, mimi namwita daktari."

Na juu ya kicheko chote nikasikia makofi. Yalikuwa ya mama.

"Inacheza! Angalieni, hiyo ni ya msichana wangu!"

Kiongozi akaizima na kuipindua. "Hii gia ya katikati imetoka wapi?"

"Mimi niliiweka. Nafasi ilikuwa kubwa."

"Ukiongeza gia moja, gurudumu linageuka kinyume. Hukujua?"

Nikatikisa kichwa. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alifungua nyaya mbili za mota ya kulia, akazibadilisha mahali ili izunguke kinyume, basi. Kazi yangu ilikuwa kushika skrubu, nikaiangusha kwenye nyasi, tukapiga magoti kuitafuta mbele ya umati.

Raundi ya pili ilienda mbele. Ilipanda ubao taratibu, kama mtu mwenye goti bovu, ikafika juu. Tuliishinda timu moja tu, ambayo roboti yake haikuwaka.

Mama akanikumbatia. "Lakini ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi, mami. Mbona mliizima?"

Ningeweza kumwachia furaha yake. "Mama, ile haikuwa inacheza. Ilikuwa imeharibika. Ni mimi niliikosea."

"Ati imeharibika? Na vile watu walikuwa wanafurahia?"

"Walikuwa wananicheka."

Akatazama kushoto na kulia, kama anayewatafuta watu waliokuwa wamesimama karibu naye, na mkono wake ukapanda kurekebisha kitambaa ambacho hakikuwa kimelegea. "Na mimi nilikuwa napiga makofi," akasema.

Feni na grisi niliziona si kitu. Nilikuwa nimemtoa mama yangu Kianyaga aje kuaibika pamoja nami.

"Video nimeshaituma kwa familia," akasema akiangalia simu. "Nifute?"

"Futa tu, mama."

"Wacha niwatumie ile ya pili, ile ilipanda."

Akatafuta, kidole kikipanda na kushuka kwenye kioo. Ya pili hakuwa ameirekodi. Nilimsindikiza hadi kituoni, tukaongea habari za mvua.

Jumatatu kiongozi aliniwekea mota mbili mezani, akaniambia nianze upya, lakini nimwite kabla ya kutoboa tundu lolote. Nilimwita kwa kila tundu, hata la skrubu ya kifuniko. Kufikia Ijumaa alikuwa akiniona nikija, anajificha nyuma ya kabati.