Mtoto wa Kigari Chekundu

Henriki alipotajiwa ng'ombe wa mahari, hakubisha hata mmoja. Alikaa kwenye kigoda pale kijijini Kasekese, magoti yamemkaribia kidevu kwa ule urefu wake, akamsikiliza mzee Lyamba mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, baba." Ndugu zake Lyamba wakacheka kwa furaha. Nyanzala, mke wa Lyamba, aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni, hakucheka. Mchumba gani habishi? Hata mwizi wa ng'ombe hubishana bei mnadani ili asishukiwe. Tangu siku hiyo akamweka Henriki kwenye kundi la watu wa kuchungwa.

Na kundi hilo lilikuwa kubwa. Nyanzala alikuja Mpanda kutoka Bariadi na mimba ya binti yake Kija, yeye na mumewe wakiswaga ng'ombe, miaka ile malisho ya kwao yalipokwisha. Walikopiga kambi njiani, mara nyingi alikuja mgeni mchana, akaomba maji kwa tabasamu, na kabla ya alfajiri ndama hawapo. Basi akazoea kumtazama mtu mikono kwanza, uso baadaye. Muuza dawa za mifugo akimchekea, alikagua kizibo. Padri alipopita akasifia maziwa yake, kesho yake aliyaficha.

Kija alisomea uuguzi, akapata kazi Mpanda mjini, na huko akakutana na Henriki, Mdenmaki aliyekuwa anachimba visima katika vijiji vya Kabungu. Walipooana wakahamia kwao Denmaki. Mwaka 1996 Kija akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Lyamba kama babu yake, wakatuma tiketi ili mama aende kumlea mzazi. Nyanzala alikubali upesi. Alitaka kuona kwa macho yake binti yake anaishije na yule mtu asiyebisha.

Alichokiona hakikumtuliza. Henriki aliosha vyombo. Alibadilisha nepi, tena huku anaimba. Nyanzala alijiuliza amefanya kosa gani huyu mpaka aombe msamaha kwa namna hii kila siku. Isitoshe, kwao mama mkwe hali mezani na mkwewe wala hampi mkono, na nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Ikabidi ale kwenye kochi, amewapa mgongo.

Jioni moja Henriki akasema kitu, Kija akafurahi, akamgeukia mama yake. "Mayu, Jumamosi tunakwenda Kopenhageni, mji mkuu. Tutalala huko, turudi Jumapili."

"Tunamtembelea nani?"

"Hatumtembelei mtu. Tunakwenda kuangalia mji tu."

Nyanzala aliwajua watu wanaokwenda mahali bila shida na mtu, kuangalia tu. Kwao watu hao hupigiwa mwano, yowe la hatari, kijiji kizima kikatoka na fimbo.

Akaenda. Pasipoti aliifunga kiunoni chini ya gauni, mjukuu akambeba mwenyewe. Huyo alimwita mume wangu, kama bibi yeyote amwitavyo mjukuu, na hakutaka aguswe na mtu.

Mji ulikuwa umefurika. Jua la kiangazi lilikuwa limewatoa wote majumbani, wamejaa kando ya mfereji wa maji wenye nyumba nyekundu na za njano, wanakunywa bia mchana kweupe, miguu inaning'inia juu ya maji. Waliona askari wa ikulu waliovaa kofia za manyoya wakati wa joto. "Wanaficha nini humo?" aliuliza, na Kija akacheka peke yake. Waliona mtu aliyejipaka rangi ya fedha mwili mzima, amesimama kama sanamu. Nyanzala alimzunguka kwa mbali. Yule mtu akamkonyeza. Nyanzala akapiga yowe, akashika pasipoti yake.

Mchana wakafika kwenye mgahawa. Nje, chini ya dirisha, vilipangwa vigari vya watoto, na ndani ya kila kigari kulikuwa na mtoto. Hapakuwa na mtu mzima hata mmoja karibu. Henriki akamlaza Lyamba mdogo kwenye kigari walichokuja nacho, akakisogeza kwenye mstari, akafungua mlango wa mgahawa.

"Mnamwacha wapi?" Nyanzala aliuliza.

"Hapo, mayu," Kija akajibu. "Hapa kila mtu anafanya hivyo. Wakilala nje wanapata hewa nzuri."

"Analindwa na nani?"

"Halindwi. Tutamwona dirishani."

Nyanzala akaweka mkono kwenye kigari. "Nyie nendeni mle. Mimi sili."

Kija alijua sauti ile. Wakaingia, yeye akabaki amesimama kama mlinzi wa zizi. Watu walipita. Mwanamume mwenye mkoba mkubwa akapunguza mwendo. Nyanzala akamkazia macho mpaka akavuka barabara. Mwanamke mmoja aliinamia vigari akitabasamu. Nyanzala akakohoa, yule akaondoka.

Ndipo mtoto wa kigari chekundu akaanza kulia. Nyanzala akatazama dirishani. Watu walikuwa wanacheka, wanakula. Jua lilipiga kwenye kioo na hakuweza kuona vizuri ni nani anayeangalia. Akakitikisa kigari. Mtoto akazidi, akalia mpaka sauti ikakatika. Nyanzala alisubiri aliyemzaa atoke. Hakutoka. Basi akamnyanyua, akavua kitenge cha begani, akamfunga mgongoni na kuanza kutembea naye polepole huku anaimba kwa sauti ya chini. Hakutaka kumwacha mjukuu, kwa hiyo akakisukuma kigari chake mbele. Mtoto akanyamaza. Nyanzala akafika kwenye kona ya jengo bila hata kufikiri, kwa sababu mtoto wa mgongoni hutembezwa mpaka alale.

Nyuma yake mtu akapiga kelele.

Alipogeuka, mwanamke kijana alikuwa ameshika kigari chekundu kitupu kwa mikono miwili. Watu wakageuka, vidole vikanyooshwa. Mwanamume aliyekuwa na bia akamdaka Nyanzala mkono. Hakumwumiza, ila hakumwachia. Wote wakamtazama, na Nyanzala aliyajua macho yale. Ni yeye aliyezoea kuwatazama wengine hivyo, kila mgeni aliyesimama mlangoni kuomba maji.

Polisi wawili waliokuwa wanapita wakafika. Kija alitoka mbio. Mama wa mtoto akamfungua mwanawe kwenye kitenge, fundo linamshinda, na Nyanzala mwenyewe akamsaidia kulifungua kwa mkono uliokuwa huru. Kisha Henriki akasogea kwa polisi, akaongea kwa muda mrefu kwa lugha yao, mara anamwelekeza Nyanzala, mara anaelekeza dirishani. Hapo Nyanzala akajua mambo yameiva. Mtu asiyebisha sasa anamkabidhi.

"Anawaambia nini? Kija! Anawaambia nini?"

"Anawaambia wewe ni mama yake."

"Mama mkwe?"

"Hapana. Amesema, mama yangu."

Nyanzala akamtazama Henriki. Uso ulikuwa umeiva kwa wekundu, jasho linamtoka shingoni, na alikuwa anabisha. Alimbishia polisi wa kwanza, akambishia wa pili, akambishia yule mwanamume wa bia mpaka akauachia mkono.

Mama wa mtoto alikuwa bado analia. Nyanzala akamwambia Kija, "Muulize, alimwachia nani mtoto."

Kija akasita, kisha akauliza. Mwanamke akajibu kwa maneno machache, kama mtu aliyeulizwa kitu kisichokuwa na maana.

"Anasema alituachia sisi wote, watu wa hapa nje."

"Na mimi nilikuwa hapa nje."

Kija akatafsiri. Mwanamke akamtazama Nyanzala, kitenge, na mtoto aliyekuwa amelala tena begani kwake. Hakuomba radhi, ila aliitikia kwa kichwa taratibu, akarudi ndani na mtoto. Polisi wakaaga.

Jumapili walipanda mashua na kuzunguka mji kwa maji. Pasipoti ya Nyanzala ilibaki kiunoni.

Aliporudi Kasekese, watu walikuja kusikiliza. Wakaamini kofia za manyoya, wakaamini mtu wa fedha, wakaamini mashua inayopita chini ya madaraja. Alipofika kwa watoto walioachwa nje, jirani yake Pudensiana, aliyekuwa ananyonyesha, akamkatiza.

"Hapo walikudanganya, mama Kija. Alikuwepo mlinzi, amejificha."

"Hakuwepo."

"Alikuwepo. Watu wanaoacha mtoto barabarani hivyo wana dawa yao, au wanakutega."

"Nilisimama pale mwenyewe, Pudensiana. Nilitazama kila mlango. Hakuna aliyejificha!" Nyanzala alishangaa sauti yake ilivyopanda, anawatetea watu waliomdaka mkono.

Mzee Lyamba akacheka chinichini. Pudensiana alimtoa mtoto kwenye ziwa, akamtazama Nyanzala kwa muda, kisha akamhamishia mtoto upande wa pili, mbali naye kidogo.