Transista Zilizotikiswa Kama Mayai

Katika miaka ya tisini, redio ya mama ilinyamaza katikati ya wiki mbaya kuliko zote. Jumapili ile kwaya ya kanisa lake, hapo Gitothua, Ruiru, ingesikika redioni kwa mara ya kwanza, na alikuwa amealika waimbaji wenzake waje kuisikiliza kwetu. Redio haikuwa na ruhusa ya kufa.

Niliifungua nikakuta transista moja imeungua, kile kidude cha miguu mitatu kinachokuza sauti. Mjini Thika kulikuwa na muuzaji wa vipuri vilivyong'olewa kwenye redio kuukuu. Desturi yake ilikuwa kuitikisa transista karibu na sikio, kama mama wa sokoni anavyopima yai, kisha kutangaza, "Hii ni nzima." Nilinunua nzima mbili. Zote zilikuwa maiti.

Ndipo nikajitengenezea kipimo: betri mbili za tochi, taa nyekundu ndogo, rezista moja ya kupunguza umeme na kitufe nilichokikata kwenye mkebe wa polishi ya viatu, vyote ndani ya kisahani cha sabuni. Unachomeka transista, unabonyeza. Taa ikiwaka unapobonyeza tu, ni nzima. Ikiwaka kabla, au ikikataa kabisa, tupa.

Jumamosi nilikiweka mezani kwa yule muuzaji.

"Kwani hapa ni kliniki?" akauliza. "Mimi nauza, sipimi."

"Mwache apime," alisema mama mmoja aliyekuja kutafuta waya wa pasi. "Ama unaogopea wagonjwa wako?"

Nikapima. Mkebe wake wa transista ulikuwa makaburi. Watu walisogea, na kila taa ilipokataa walimpa muuzaji pole, kwa adabu ya matangani. Mwishowe taa ikawaka vizuri. Nikatoa pesa.

"Bei imepanda, boss."

"Tangu lini?"

"Tangu uipime. Hizi zingine ni za kubahatisha. Hii umesema mwenyewe ni nzima."

Hoja yake ilikuwa imenyooka kuliko waya zangu. Nililipa. Zilizokufa alizirudisha mkebeni, akamtikisia mteja aliyefuata.

Jumapili sebule ilijaa waimbaji, na redio ikaimba. Mama, ambaye husimama safu ya nyuma, aliinamia spika mpaka wimbo ukaisha.

"Umenisikia?" akaniuliza.

Kwenye spika ile, kwaya nzima ilikuwa mtu mmoja mwenye mafua.

"Nimekusikia, mama."

Akawageukia wenzake. "Mnaona? Na huyu ni mtu wa kupima vitu."