Taya Iliondoka, Jino Likabaki

Nimeanza na aibu. Nimemwamkia "shikamoo" kijana wa miaka kumi na tisa, nikidhani ni mjomba wa binti aliyekaa naye kwenye benchi, nje ya karakana niliyokuja kuitembelea. Kumbe ni pacha wake!

"Usijali," binti anacheka. "Juzi mlinzi wa chuo kamwuliza kama kaja kunilipia ada."

Kijana hacheki. Ananiitikia kwa kichwa, midomo imefungwa kama benki siku ya Jumapili.

Ndani ya karakana, shangazi yao anakoroga unga mweupe kwenye bakuli la mpira. Wateja wanamwita Mama Plasta. Anatengeneza meno ya bandia: daktari anamletea alama ya kinywa, ute ulioganda baada ya mgonjwa kuung'ata, yeye anamwaga plasta ndani yake, ikikauka anashika taya ya mtu mkononi. Asubuhi hii ameletewa ya kijana.

"Hawa walianguka na baiskeli moja, kila mmoja akang'oka jino la mbele la juu," anasimulia. "Hata ajali waligawana!"

Walipofika miaka kumi na sita, daktari alikubali kumwekea binti jino la kudumu, lile la kukazwa kwa skrubu ndani ya mfupa. Wa kiume, akasema, asubiri. Uso wa msichana hutulia mapema. Mvulana huchelewa kuanza na huchelewa kumaliza, taya, kidevu na pua vikizidi kurefuka.

"Nikamwambia, daktari, mapacha hawabaguliwi! Alipogoma, nikatafuta mwingine asiye na maneno mengi." Meno yote mawili akayatengeneza mwenyewe, kwa furaha.

Plasta imekauka. Anaibandua, anaipuliza vumbi, anaiweka kando ya taya ya plasta ya kijana huyohuyo, ya miaka mitatu iliyopita.

Mkono unamwenda mdomoni.

"Yallah! Huyu ni nani?"

Hata mimi nisiyejua kitu nimeshtuka. Taya imeshuka na kutanuka, meno ya asili yameshuka nayo. Lile la skrubu limeng'ang'ania palepale juu, fupi, kama abiria aliyeachwa kituoni.

"Mwaka mzima sijamwona akicheka," ananong'ona. "Nikasema ni maringo ya kuota ndevu. Nikamtania mbele ya watu, nikamwita Bwana Nuna."

Anafuta mikono kwenye aproni, anatoka nje, anachuchumaa mbele ya benchi.

"Mwanangu, nimeona. Kosa ni langu, si lako. Uso ukitulia kabisa, nitakutengenezea jingine refu, mpaka dada yako aone wivu. Ila kila mwaka nitahitaji kukupima. Sawa?"

Kijana anatazama viatu vyake. Dada mtu anamsogelea, anamshika bega.

"Fungua mdomo kidogo, baba," shangazi anambembeleza. "Nitukane ukitaka, lakini fungua."